Barua kwa Mama Tumaini kuhusu mtoto anayetoka gerezani

Nkuhungu, Dodoma
Mwezi wa Juni

Dada yangu mpendwa Mama Tumaini,

Mbukwa. Natumaini wewe na Baba Tumaini hamjambo, na kwamba mguu wake unaendelea kupata nafuu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa upepo wa msimu huu na vumbi lake vimemrudishia Amani kikohozi. Kwenye mazishi ya Mwalimu Mkuu nilitoa rambirambi kwa niaba yetu sote tuliosoma naye Chuo cha Ualimu Mpwapwa. Habari zake nitakusimulia tukionana, kwa maana leo nimeshika kalamu kwa jambo moja lisiloweza kungoja.

Unamkumbuka yule binti wa upande wa Kibakwe niliyekueleza wakati wa Pasaka, aliyeingia gerezani na mtoto mgongoni? Majina yao siyaandiki humu, kwa kuwa karatasi hupita mikononi mwa wengi na mtoto hana kosa la kutangaziwa. Sasa ametimiza miaka miwili, ameacha kunyonya, na afisa ustawi wa jamii ametuarifu kwamba maandalizi ya kumkabidhi kwa bibi mzaa mama yameanza. Mama atabaki ndani, maana sehemu kubwa ya kifungo chake bado iko mbele. Bibi anakaa kijijini, si mbali na shamba lenu la karanga, na ndiyo sababu nimekufikiria wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ninalokuomba ni kwenda kumwona bibi huyo kabla mtoto hajafika, wala si baada ya kufika. Naomba unisikilize hadi mwisho, kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko safari ya kutoka Mpwapwa mjini hadi huko.

Kila mwaka Siku ya Wanawake inapokaribia, vikundi vingi, chetu kikiwamo, hupeleka gerezani sabuni, taulo za kike, maziwa ya unga na nguo za watoto. Ni vitu vinavyohitajika kweli na nitaendelea kuvichangia. Lakini siku mtoto anapotolewa pale ndani, akamwacha mtu pekee aliyelala naye kila usiku wa maisha yake, hakuna kikundi kinachofika. Hakabidhiwi mtu anayemjua, wala hajui anakopelekwa. Huyu wetu amelelewa na mama yake, wafungwa wenzake na askari wa kike tu. Sauti ya mwanamume ikisikika karibu, hujificha nyuma ya mama yake na kutetemeka. Wewe uliyefundisha darasa la awali miaka yote hiyo unajua ni vigumu mtoto wa umri huo kuelezwa mama yuko wapi na atarudi lini. Kwake, kutomwona mama siku nyingi ni kama kumpoteza. Ndiyo maana nasema makabidhiano yakifanywa kwa saa moja ofisini, kwa sahihi na muhuri, tunamwumiza mtoto hata kama kila mhusika amefuata utaratibu wake.

Mwanasheria aliyekuja kuzungumza na kikundi chetu alitusomea Kanuni za Bangkok, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2010 kuhusu wafungwa wanawake. Kanuni ya 52 inataka mtoto aondolewe gerezani kwa uangalifu, baada ya kuthibitika kwamba huko aendako pameandaliwa, na kwamba baada ya hapo apewe kila nafasi ya kuonana na mama yake pale inapomfaa. Kanuni ya 49 nayo inasema mtoto anayeishi gerezani na mama yake asitendewe kamwe kama mfungwa. Nilipoyasikia hayo nilijiuliza, je, huku kwetu maandalizi hayo yanafanywa na nani? Afisa ustawi wa jamii mmoja ana kata nzima, ana mashauri ya ndoa, wazee wasio na watu, watoto waliotelekezwa, na mara nyingi hana nauli wala usafiri wa ofisi. Simlaumu. Nasema tu kwamba pengo hilo lina ukubwa wa mtu mmoja mwenye moyo na muda, na wewe unavyo vyote viwili.

Mpango wetu ni huu. Tunataka bibi aje Dodoma mapema, alale kwangu siku kadhaa, na aruhusiwe kukaa na mjukuu mbele ya mama yake mara nyingi iwezekanavyo, amlishe, ambebe, mtoto aizoee harufu na sauti yake huku mama akiwa pale pale. Mkuu wa gereza amelipokea ombi letu vizuri. Nauli ya bibi tumeichanga. Kinachokosekana ni mtu wa kumwandaa, kwa sababu taarifa zinazotufikia ni kwamba bibi ana hasira kubwa na binti yake na amesema atampokea mtoto lakini jina la mama yake lisitajwe nyumbani kwake. Hasira yake naielewa. Ameachiwa mzigo uzeeni, katika mwaka ambao uwele haukujaa vizuri, na aibu ya kijiji juu yake. Lakini nyumba ambayo mama hatajwi haitamfaa mtoto huyu, wala haiwafai wale wawili wengine.

Nimewataja wale wawili na hapo ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Tunamzungumzia sana mtoto aliye ndani kwa sababu wageni humwona na kumpakata. Kaka na dada yake wako kwa bibi tangu siku mama alipokamatwa, nao pia ni watoto wa mfungwa, ila hakuna mgeni anayewapelekea hata kalamu. Yule wa kiume, aliye darasa la tatu, aliambiwa mama amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Kisha wenzake shuleni wakamweleza ukweli kwa namna watoto wanavyojua kueleza, kwa kuzomea, na tangu hapo haendi shule kila siku. Ada ya shule ya msingi ilifutwa zamani, lakini sare, daftari na chakula cha mchana vinabaki kwa mlezi, na aibu haina sera inayoifuta.

Jambo la ukweli nalirudia kwa sababu naliona ndilo lenye uzito kuliko yote. Watu wazima hudhani wanamlinda mtoto wanapomwambia mama kasafiri. Mtoto husubiri. Anahesabu sikukuu, anaona wa wenzake wanarudi na zawadi, mwisho anaamua mwenyewe kwamba mama hampendi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unasema katika Ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi aliyefungwa ana haki ya kudumisha mawasiliano naye, na kwamba serikali itoe taarifa za mahali mzazi alipo inapoombwa, isipokuwa pale taarifa hizo zitakapomdhuru mtoto. Kwa maneno ya nyumbani: mtoto aambiwe, kwa lugha ya umri wake, kwamba mama alifanya kosa, yuko mahali panapoitwa gereza, yu hai, anampenda, na yeye mtoto hakusababisha. Nimefurahi kusikia kwamba mwalimu wa darasa la huyo kijana ni yule mwanafunzi wako wa zamani, binti wa Mzee wa Gulwe. Pengine yeye angeweza kuzikomesha zile kelele za darasani bila kumtaja mtoto mbele ya wenzake.

Utaniuliza kama ilikuwa lazima mama huyu afungwe. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu yatumikiwe nje, kwa kazi za jamii. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, unakwenda mbali zaidi: Ibara ya 30 inataka adhabu isiyo ya kifungo ifikiriwe kwanza kila anapohukumiwa mama mjamzito au mwenye watoto wachanga na wadogo. Huko Afrika Kusini, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya mama aliyekuwa akilea wanawe watatu peke yake na aliyehukumiwa kwa udanganyifu. Jaji Albie Sachs akaeleza kwamba anayetoa adhabu anapaswa kuyatazama maslahi ya watoto kama jambo linalojitegemea, na mama yule akaachwa atumikie adhabu yake nje, chini ya uangalizi, huku akiwalipa aliowadhulumu. Wanawe hawakuwa na kosa, nao walihesabiwa. Binti yetu hakuwa na wakili. Aliniambia kwamba siku ya hukumu hakuna aliyemwuliza kama ana watoto wengine, naye kwa woga hakusema, ingawa mdogo alikuwa mgongoni mwake. Kosa alifanya na halikani. Ninachohuzunika nacho ni kwamba watoto watatu walihukumiwa siku hiyo bila kutajwa.

Mama mwenyewe ameweka matumaini yake kwenye msamaha wa Rais, kwa kuwa amesikia kwamba miaka iliyopita misamaha ya sikukuu za taifa iliwahi kuwagusa akina mama walioingia gerezani na watoto. Simkatishi tamaa, na namwombea. Lakini maandalizi ya mtoto hayawezi kujengwa juu ya tangazo ambalo hatuna hakika nalo.

Kuna mambo madogo ambayo ukifika utayaangalia kwa jicho lako la ualimu. Kadi ya kliniki ya mtoto ilipotea wakati wa kukamatwa, na huku ndani ameendelea kupata chanjo kwa kadi mpya; tutakutumia nakala ili zahanati ya huko isianze upya. Cheti cha kuzaliwa hana. Kwa walio chini ya miaka mitano RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, husajili bila malipo pale mpango huo ulipofika, kwa hiyo naomba umwulize mtendaji wa kata kabla hatujafunga safari. Halafu picha: tumepata ruhusa ya kumpiga mama picha akiwa amevaa kitenge chake, si sare, akiwa na mtoto mapajani. Natamani iwekwe ukutani mahali watoto wote watatu watakapoiona. Najua bibi atakataa mwanzoni. Usimlazimishe, dada yangu, mwachie tu, umwambie imetoka kwa binti yake. Mama anaandika pia barua fupi kwa kila mtoto, nami nitazituma kwako ili usome na yule kijana, kama atakubali kusomewa.

Kuhusu kutembelea, tumekubaliana kikundini kwamba tutalipa nauli ya watoto wote na mtu mzima mmoja, kila watakapofunga shule, na watalala kwangu. Sitaki ahadi hii itegemee hisia za mwezi mmoja, ndiyo maana tumeiandika kwenye daftari la kikundi na Mama Lazaro ameshika fedha.

Sasa nijibu haya, tafadhali, hata kwa simu ukipata mtandao. Je, utaweza kwenda huko kabla ya mwisho wa mwezi huu, au mavuno yatakushika? Unadhani ni bora uende peke yako au pamoja na mke wa mchungaji, ambaye bibi anamheshimu? Huyo mwalimu wa darasa la tatu ni mtu wa siri? Kuna mwanamume mpole pale nyumbani, mjomba au jirani, ambaye mtoto anaweza kuzoeshwa kwake taratibu ili ile hofu ipungue? Bibi mwenyewe afya yake ikoje, na kama akiugua, ni nani wa pili tunayeweza kumtegemea? Na wewe, moyo wako unasemaje kuhusu ombi langu lote?

Nisalimie Baba Tumaini na watoto, na umpe pole Mama Lazaro mdogo kwa msiba wa mkwewe. Nangoja neno lako.

Ni mimi dada yako katika upendo,
Mama Amani