Barua ya wazi kwa Kamanda wa Brigedi: tunaomba sahihi yako kwenye karatasi ya safari

Afande Kamanda,

Tunakusalimu kwa heshima zote, sisi madereva wastaafu, wake na wajane wa askari wako. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu tulizopitisha njia ya kawaida, kwa sajini, kwa RSM (sajini-meja mkuu wa kikosi), kwa adjutanti (afisa msaidizi wa kamanda), zimefika pale ambapo barua hupumzika. Hatuzidai tena. Huenda zimeshafungia karanga.

Jina la brigedi hatulitaji. Wanaohusika wanajijua.

Siku ya Tarehe Sita mwaka huu, sikukuu ya jeshi letu la Uganda, mbele ya askari na familia zao, uliahidi kwamba hakuna gari litakalotoka langoni bila hatari za safari kupimwa kwanza. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Alfajiri ya Jumapili iliyopita lori la tani saba liliacha barabara na kulala ubavu, askari wakiwa nyuma pamoja na magunia ya posho (unga wa mahindi), maharage na pipa la dizeli. Kufikia gwaride la Jumatatu jibu lilikuwa limepatikana: uzembe wa dereva. Upelelezi wa haraka namna hiyo hata polisi wangeuonea wivu.

Afande, dereva huyo alitoka sentri, yaani lindoni, saa sita usiku na kuamshwa saa tisa kwenda kuwasha gari. Huo uzembe ulikuwa wa nani?

Mtu aliyekesha saa 17 huendesha kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24, ni kama ana asilimia 0.10, na kwa kiwango hicho trafiki humshusha raia garini bila mjadala. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili hudai usingizi hata kama mtu alilala jana yake. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde nne tu, amekwenda karibu mita 90 bila mtu kwenye usukani. Kahawa haiondoi deni la usingizi, na kelele za wenzake nyuma haziliondoi pia. Usingizi hulipwa kwa kulala.

Hayo si mageni kwako. Vijana waliopitia kambi ya mafunzo ya Singo kabla ya kwenda Somalia walifundishwa hatua tano ambazo jeshi la Marekani limezitumia tangu miaka ya 1990: tambua hatari, ipime kwa uwezekano na ukali wake, weka vizuizi na uamue, tekeleza, simamia na upime tena. Walirudi na vyeti. Vyeti viko kwenye masanduku chini ya vitanda, na hatua tano ziko humohumo.

Tuipitishe safari ya Jumapili kwenye hatua hizo, kama mfano darasani. Kilomita 140, usiku, askari nyuma, pipa halijafungwa, dereva amelala kwa saa tatu tu. Uwezekano wa ajali: mkubwa. Ukali: vifo. Ukiunganisha hayo mawili unapata hatari ya juu kabisa, na kwenye daraja hilo safari husimama mpaka kitu kibadilike. Sasa weka vizuizi. Safari iondoke saa mbili asubuhi. Dereva alale kwa muda wa saa saba au nane na asipangiwe sentri usiku ule. Awepo dereva wa pili, na gari lisimame kila baada ya saa mbili. Askari wakae kwenye mabenchi na ubao wa nyuma ufungwe kwa pini, kwa sababu watu waliosimama huupandisha juu uzito wa gari, na kwenye kona wote huegemea upande wa nje kwa pamoja. Pipa la lita 200 la dizeli lina karibu kilo 185. Lisipofungwa kwa mkanda kwenye ukuta wa mbele, hilo ndilo la kwanza kugonga watu. Bora lipande gari lingine kabisa.

Ukali haushuki sana, maana lori likipinduka limepinduka. Kinachoshuka ni uwezekano. Hatari inayobaki inakuwa ya kati, na kamanda wa kampuni anaweza kuikubali kwa jina lake. Gharama ya yote hayo ni kamba, mikanda na subira ya saa chache. Halafu tukumbushane lori lilikuwa limebeba nini: posho na maharage. Hakuna adui aliyekuwa akiyasubiri maharage yale alfajiri.

Tusieleweke vibaya. Jeshi si shule ya chekechea, na zipo safari za usiku ambazo lazima ziende, watu wakilijua hilo na wakikubali. Kanuni inakataza kuikubali hatari isiyo na faida yoyote. Na hatari kubwa ikibaki baada ya vizuizi vyote, haikubaliwi na sajini wa zamu saa tisa usiku akiwa na tochi mdomoni. Kwa Wamarekani, hatari ya juu ikibaki, uamuzi kwa kawaida hupanda mpaka kwa kamanda wa brigedi, na ya juu kabisa hupanda kwa jenerali. Kwetu huteremka. Huanza kwako kama amri ya mdomo, "gari liende," humpitia meja, kapteni, luteni, na kuishia kwa dereva mwenye cheo cha praiveti, ambaye hana mamlaka ya kusema hapana wala haki ya kusema nimechoka. Ndiye pekee aliyetia sahihi kwenye karatasi ile, kwa hiyo ndiye pekee aliyekamatwa.

Gari lenyewe tuliseme pia. Breki za upepo zinataka matangi yake yatolewe maji kila asubuhi. Kuna vali chini ya kila tangi, ni kazi ya dakika mbili. Maji yakibaki, kutu hula vali na upepo hupungua wakati unapouhitaji. Gari lisiondoke kabla geji haijapanda hadi kiwango chake na king'ora cha upepo mdogo hakijanyamaza. Gurudumu likibadilishwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu hulegea zikishakaa. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 1419 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2019. Nenda kesho karakana, Afande, uzisome mwenyewe. Usitume mtu.

Na mteremkoni. Dereva anatakiwa kuingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, gia ileile ambayo angepandia mlima huo, injini imshikie gari. Akikanyaga breki mfululizo, ngoma za breki hupata moto na breki hulegea. Lakini wengi hutia nyutro ili wabakize dizeli. Kwa nini? Tunavyodhani sisi, na hatudhani kwa mbali sana, ni kwa sababu safari ya kilomita 140 hupewa mafuta ya kilomita 100, na hizo 40 zimekwisha kunywewa kabla hazijafika kwenye tangi. Lita zinazobaki nazo huuzwa njiani, hilo hatulifichi. Kosa la dereva ni kosa, ila amelirithi kutoka juu.

Fomu za kupima hatari zipo, tunajua. Zinajazwa mwisho wa mwezi, safari zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, hatari zote "ndogo". Hata ile ya siku daraja lilipofurika ni "ndogo". Hatua ya tano, ya kusimamia, ndiyo iliyokufa kwanza. Nyingine nne zimeifuata kaburini.

Tuingie kambini. Bunduki zinazorudi kutoka sentri husafishwa langoni kwa mpangilio mmoja tu: mdomo wa bunduki kwenye pipa la mchanga, magazini itoke kwanza, ndipo ukoki (uvute boliti nyuma), ukoki tena, utazame chemba, na mtu wa pili atazame pia, ukimaliza hapo, bana kifyatulio na urudishe sefti (kufuli ya usalama) juu. Anayekoki kabla ya kutoa magazini amejipandishia risasi chemba. Akiitoa magazini baadaye hudhani bunduki ni tupu, anabana, na inalia. Pipa la mchanga limepasuka tangu msimu wa mvua na mchanga umekwenda kusugulia sufuria.

Kwenye nyumba za mabati mvua ikinyesha sigiri huingizwa ndani na mlango hufungwa. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo humdanganya mtu: gesi yake haina harufu wala rangi, huanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, na mtu akilala haamki. Ni neno moja la kutangaza kwenye gwaride la Jumatatu. Mbona hesabu za viatu hutangazwa kila wiki?

Sasa pasi, ruhusa ya kutoka kambini, maana hapa ndipo mnasema "hakuwa kazini, si letu." Nchini Marekani ajali za magari na pikipiki za binafsi, nje ya kazi, ndizo ajali zinazoua askari wao wengi zaidi, ndiyo sababu kamanda huuliza kabla ya likizo: unakwenda wapi, kwa chombo gani, utaondoka saa ngapi, utapumzika wapi. Kwetu pasi hutolewa Ijumaa saa kumi na moja jioni, baada ya fatiki (kazi za mikono za kambini), kwa askari anayekwenda Arua au Kisoro, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala. Anatakiwa kuripoti Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu mwenyewe: umempangia safari mbili za usiku, ya pili akiwa hajalala. Akikosa basi hupanda boda boda, watatu kwenye kiti kimoja, bila helmeti, na kama ni wikiendi ya mshahara, na waragi (pombe kali) kidogo. Pasi ikitolewa saa moja asubuhi, na kuripoti kukawa saa nane mchana, hatari hiyo inashuka bila shilingi hata moja kutumika. Ni mhuri uleule, mkono uleule, saa tofauti.

Agosti 2012 helikopta 3 za Mi-24 za jeshi letu, zikielekea Somalia, ziliangukia Mlima Kenya, na wanajeshi 7 walikufa. Mi-17 iliyokuwa nazo ilitua Garissa salama. Hakuna adui aliyefyatua risasi siku ile. Tunalitaja hilo kwa sababu mlipohutubia kuhusu lori hili mlisema "adui ni yule aliye msituni." Mlima hauna bunduki. Usingizi nao hauna.

Ukiwa ofisini unapokea ripoti yenye namba ya gari. Sisi tunapokea simu. Sisi ndio tunaosukuma viti vya magurudumu, tunaouza mbuzi wa kununulia dawa, tunaofuata faili la fidia linalokwenda polepole kuliko lori lolote la brigedi yako. Mjane huambiwa alete barua, akileta barua huambiwa alete ya asili, akileta ya asili karani yuko likizo. Karani, kwa bahati nzuri, alisafiri mchana.

Tulitaka kukuomba mengi: dereva wa pili, mabenchi, mikanda, mafuta kamili, pipa la mchanga, saa ya pasi. Tumeyapunguza mpaka likabaki moja, na hilo tunalirudia ili lisipotee njiani kama barua zetu. Kila safari ambayo hatari yake bado ni kubwa, weka sahihi yako. Ya kwako, si ya adjutanti "kwa niaba". Kama huwezi kuiweka, gari lisitoke.

Lori la mgao linaondoka tena Ijumaa, saa kumi alfajiri, dereva akiwa kwenye orodha ya sentri ya Alhamisi usiku. Orodha imebandikwa kota gadi, kwenye nyumba ya walinzi. Iangalie leo.

Wako watiifu,

Madereva wastaafu, wake na wajane wa askari wa kambini