Barua ya wazi kwa Balozi wetu London: kura za Mid Suffolk zilihesabiwa, za Watanzania wengi hazikuwemo

Kwa Mheshimiwa Balozi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Stratford Place, London.

Mheshimiwa Balozi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani katika wilaya ya Mid Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Huku ni shamba. Ukitoka mji wa Stowmarket kwa dakika kumi tu, duka husahau: ni ngano, shayiri, makanisa yaliyojengwa kwa mawe ya gumegume, na vijiji ambavyo majina yake yalinichukua mwaka mzima kuyatamka bila kuchekwa. Nakuandikia kuhusu uchaguzi wa madiwani wa wilaya hii. Matokeo yake yanatugusa Watanzania tunaoishi hapa kuliko wengi wetu tunavyodhani, na lipo jambo ambalo ofisi yako inaweza kulifanya bila gharama kubwa.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 4 Mei 2023. Halmashauri ya Mid Suffolk ina viti 34. Chama cha Kijani (Green Party, chama cha watetezi wa mazingira) kilichukua 24, chama cha Conservative wakabaki na 6, na cha Liberal Democrats 4. Miaka minne kabla yake, mwaka 2019, Conservative ndio waliokuwa mbele kwa viti 16, Kijani wakiwa na 12. Hii ikawa halmashauri ya kwanza katika Uingereza nzima ambayo Kijani wana wingi wa viti peke yao, bila kuazima hata diwani mmoja wa chama kingine. Mwaka uliofuata, Julai 2024, jimbo jipya la Waveney Valley, linalochukua sehemu ya wilaya yetu, likampeleka Adrian Ramsay wa chama hichohicho bungeni.

Wapo waliosema ule ulikuwa upepo tu. Sikubaliani nao. Siku ileile ya 4 Mei, katika mji wa Brighton, ambako Kijani waliwahi kuunda uongozi wa halmashauri mwaka 2011 na tena 2020, walipigwa vibaya na chama cha Labour kikachukua mji. Chama kimoja, siku moja, kinaangushwa mjini kwenye ngome yake na kinainuliwa mashambani kwa wafugaji wa nguruwe na wastaafu. Huo si upepo. Kwa tulioishi huku, kazi ile tuliiona kwa macho: diwani anayepita na vipeperushi mvua inanyesha, anauliza habari za barabara ya kijiji, anarudi baada ya miezi mitatu kukueleza amefikia wapi. Kulikuwa na hasira za nyumba mpya zinazoota pembezoni mwa vijiji kama Thurston bila zahanati wala basi la kutosha. Kulikuwa na nguzo kubwa za umeme zinazopangwa kupita kutoka Norwich hadi Tilbury, kilomita kama 180, katikati ya mashamba haya. Watu walimchagua waliyemjua sura.

Kwa Mtanzania, mfumo wenyewe si mgeni hata kidogo. Ni halmashauri ya wilaya, ina kata, ina madiwani, na anayesimamia uchaguzi kwa kawaida ni mtendaji mkuu wa halmashauri, kama tulivyozoea wakurugenzi wetu nyumbani. Tofauti ni kwamba juu ya wilaya ipo halmashauri ya kaunti, inayoshika shule, barabara na huduma za wazee. Wilaya inashika vibali vya ujenzi, orodha ya wanaosubiri nyumba za halmashauri, takataka, usafi wa migahawa, ukaguzi wa nyumba za kupanga. Kwa hiyo nikikaa na wenzangu wanne kwenye nyumba yenye ukungu ukutani na mwenye nyumba hapokei simu, mlango wa kugonga ni wa wilaya. Jirani yetu Mkenya aliyetaka kufungua kibanda cha chakula, mlango wake ni huohuo.

Sasa nikueleze nilivyojua kwamba nina kura.

Ilikuwa Mei 2019, siku ya uchaguzi uliotangulia. Nilikuwa namhudumia bibi mmoja, umri wake umevuka tisini, mkali kidogo na mwenye kumbukumbu kunishinda mimi. Nilipofika saa moja na nusu asubuhi nikamkuta amekwisha kuvaa koti na kofia, mkoba magotini. Nikamsaidia kuingia garini, tukaenda kwenye ukumbi wa kijiji. Alipotoka akaniuliza, "Na wewe umeshapiga?" Nikamwambia mimi si Mwingereza. Akanitazama kama nimemtania. Akauliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania. "Basi wewe ni wa Jumuiya ya Madola, kura unayo." Kumbe miaka mingi alikuwa karani wa kituo cha kupigia kura, palepale ukumbini. Sheria aliijua kama anavyojua sala zake.

Sikumwamini. Jioni nikasoma mwenyewe, nikaona ni kweli. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali, akiwa na miaka 18, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika chaguzi zote, za madiwani na za wabunge. Haijalishi kama ana viza ya kazi, ya masomo au ya mwenza. Mtanzania anayo, Mkenya anayo, Mganda anayo, Mnyarwanda anayo. Mkongo na Mrundi ninaofanya nao kazi hawana, mpaka wapate uraia. Lakini kwa siku ile nilikuwa nimechelewa, daftari lilikwishafungwa. Bibi hakuuona uchaguzi wa 2023.

Niliuona mimi. Nilikwenda kituoni jioni, baada ya zamu, na uchovu wangu wote, maana vituo hufungwa saa nne usiku. Mwaka huo ndio sheria mpya ilianza kudai kitambulisho chenye picha, nami kichinjio, yaani kadi ya mpiga kura kama ya nyumbani, huku sina. Nikatoa pasipoti yangu yenye nembo ya Bibi na Bwana. Karani akaifungua, akanitazama, akalitafuta jina langu kwenye orodha, akasogeza rula, akalipitishia mstari. Hakuuliza swali lingine. Nikapewa karatasi. Ndani ya kijumba cha mbao kulikuwa na penseli imefungwa kwa kamba. Huku huweki alama ya vema, unaweka mkasi, yaani alama ya X. Niliuweka taratibu, mkono ukinitetemeka, nikakunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Nje nikajikuta natazama kidole changu, natafuta wino.

Mheshimiwa, ulikuwa mwaka wangu wa sita hapa, na ndiyo mara ya kwanza nilijihisi mkazi, si mpita njia. Nyumbani nikiwa ng'ambo siwezi kupiga kura, utaratibu wetu haujaruhusu. Hiyo ni habari ya siku nyingine. Lakini ina maana kwamba mamia kwa mamia ya Watanzania wanaishi nchi hii miaka kumi bila kupiga kura popote duniani, na nusu ya hilo ni kwa kutojua tu.

Miezi michache baada ya matokeo niliitembelea nyumba moja ya wenzetu, wanakaa watano, wote walezi wa wazee. Barua ya halmashauri ya kuuliza nani wanaishi hapo na nani aandikishwe kupiga kura ilikuwa mezani, juu yake sufuria ya maharage. Wameifanya ya kuzuia moto. Nikaisogeza, ukingo umeungua. Nikauliza kwa nini hawakuijibu. Mmoja akasema hiyo ni ya Wazungu. Mwingine akasema aliogopa ni ya kodi. Wa tatu, dada wa Tanga, msomi, akanijibu jambo lililonikaa kichwani mpaka leo: "Nikipiga kura ya Uingereza, si nitapoteza uraia wangu wa Tanzania?"

Hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Nchi yetu hairuhusu uraia pacha, na watu wanaulinda uraia wao kama mboni ya jicho. Hofu hiyo si ya kijinga. Ninavyoielewa sheria ya hapa, haki hii Waingereza hawakujiwekea wao peke yao. Tunaipata kwa sababu sisi ni Watanzania, nchi ya Jumuiya ya Madola, wala si kwa kuuacha Utanzania. Kwa hiyo kujiandikisha si kuomba uraia. Lakini maneno yangu mimi mlezi wa wazee hayamtoshi yule dada. Ya ubalozi wake yatamtosha.

Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ilipochunguza daftari la mwaka 2018 ilikuta kwamba kati ya kila Waingereza 100 wenye haki, 86 wameandikishwa. Kwa raia wa Jumuiya ya Madola walikuwa 62. Na kwenye uchaguzi huo wa Mei 2023, waliojitokeza nchini walikuwa chini ya theluthi moja ya walioandikishwa. Mid Suffolk ina watu zaidi ya laki moja kidogo na madiwani 34, ukigawa ni diwani mmoja kwa watu kama elfu tatu, watoto wakiwemo. Ondoa watoto, ondoa wasiojiandikisha, ondoa waliobaki nyumbani. Kinachosalia ni mamia ya kura kwa kila diwani. Nyumba moja ya walezi watano si kitu kidogo hapo.

Mwaka 2017 kule Northumberland, kaunti ya kaskazini yenye mashamba na kondoo wengi, kata ya South Blyth iliishia sare kamili kati ya Conservative na Liberal Democrats. Wakahesabu na kurudia, sare. Sheria inasema hapo ipigwe kura ya bahati, wakachomoa vijiti. Liberal Democrats wakapata, na Conservative wakakosa wingi wa halmashauri nzima kwa kiti kimoja: 33 kati ya 67. Nikiisoma habari ile huwaza kama mwaka ule kulikuwa na mlezi mmoja kutoka Moshi au Kisumu, anaishi South Blyth, barua yake iko chini ya sufuria.

Sikuombi uwaambie Watanzania wachague chama gani. Hilo haliruhusiwi kwako, na mimi pia nisingelitaka. Ninaomba ubalozi utoe tangazo kwa Kiswahili, fupi, lenye nembo, linalosema kwamba Mtanzania mkazi halali wa Uingereza ana haki ya kujiandikisha, na lijibu lile swali la uraia waziwazi baada ya wanasheria wenu kulipitia. Likiwekwa kwenye tovuti, lining'inizwe pia pale wanapopanga foleni kushughulikia pasipoti, kwa sababu watu wa zamu kama sisi hatufungui tovuti, ila pasipoti kila mtu ataifuata. Lisemeni pia kwamba pasipoti yetu inakubalika kituoni, hata iliyokwisha muda ilimradi picha bado inafanana na mwenyewe. Kujiandikisha kwenyewe ni dakika tano kwenye simu, kinachotakiwa ni anuani na ile namba ya bima ya taifa tuliyopewa tulipoanza kazi. Na kwa wanaohesabu faida ya haraka, jina likiwa kwenye daftari hilo, mabenki na wenye nyumba humwamini mtu zaidi wanapomkagua.

Haraka yangu ina sababu. Desemba 2024 serikali ya hapa ilitangaza kwamba inataka kuzifuta halmashauri za wilaya kama yetu na kuziunganisha na kaunti kuwa halmashauri kubwa, na Suffolk imewekwa kati ya maeneo ya mwanzo. Uchaguzi wa kaunti wa Mei 2025 uliahirishwa kwa sababu hiyohiyo. Binafsi inaniuma: wilaya iliyofanya jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika nchini, ifutwe kwa waraka. Lakini hata zikiitwa jina jipya, kata zitakuwepo na madiwani watachaguliwa, na watakaopanga vibali, nyumba na huduma za wazee, ambazo ndizo kazi yetu, watapatikana kwa masanduku hayohayo.

Barua za kuhakiki daftari hutumwa majumbani kila mwaka, kuanzia kiangazi kuelekea vuli, na daftari jipya hutolewa ifikapo tarehe 1 Desemba. Tangazo lenu likitoka kabla ya barua hizo kuanza kuingia, nitalichapa mwenyewe na kulipeleka nyumba hadi nyumba hapa Stowmarket, Needham Market na Eye siku zangu za mapumziko. Nyumba ya kwanza ni ile ya wale watano, na nakala ya dada wa Tanga nitamkabidhi mkononi.

Wako mtiifu,

Mtanzania mkazi wa Stowmarket, Suffolk