Dada, mabega yako yanasema kabla yako

Shikamoo dada. Najua ukiona nimekuandikia hapa hadharani utasema huyu naye kashaanza, lakini kwenye simu huwa unanijibu "niko poa" afu unakata, basi acha niandike.

Siku ile unaongea na simu, mdomo unasema hamna shida kabisa, huku mabega yamepanda yanakaribia masikio na mguu mmoja unakanyaga kanyaga kama unashona kwa cherehani. Umekata simu nikakuuliza vipi, ukasema freshi. Sikubisha. Ila nilikuona ukisugua sufuria ambayo ilishatakata zamani.

Sikusemi, mi mwenyewe nilikuwa hivohivo, nilikuwa najua nina hasira baada ya kushamjibu mtu vibaya. Siku hizi naijua mapema, inaanzia kwenye taya, meno yanabanana, afu pumzi inakuwa fupi, hapo najua tayari. Na Kiswahili kinalijua hili kitambo, mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto, mwenye hofu roho juu. Mwaka 1884 mwanasaikolojia Mmarekani, William James, aliandika kwamba mwili ndo unatangulia, moyo unaanza kwenda mbio afu akili ikishausikia ndo inakuwa woga. Walimbishia sana, na mi naona alizidisha, ila nusu ya maneno yake nayaona kwangu kila siku.

Ndo maana nikivurugwa siongei kwanza, natembea. Dakika 20 hivi, harakaharaka, simu naiacha ndani. Yaani adrenalini, ile kemikali mwili unayoitoa ukihisi hatari, imeshaingia kwenye damu inakuandaa ukimbie au upigane, we umekaa kwenye kiti unaandika meseji ndefu, unadhani itaishia wapi? Mwanzoni bado nagombana na mtu kichwani, namtolea majibu makali na wala hayupo. Afu nikishapata mwendo, mikono imelegea, ndo nagundua kumbe sikuwa na hasira, nilikuwa nimeona aibu. Hilo nikiwa nimekaa silioni hata kwa dawa. (Kuna siku narudi na hasira zilezile na malengelenge juu, sikudanganyi.) Nikisimama navuta pumzi afu naitoa taratibu, ndefu kuliko nilivyoivuta, maana moyo hupunguza kasi kidogo wakati wa kutoa pumzi.

Jumamosi napita kwako. Usinieleze chochote, vaa raba tu, na lile goti likisumbua tutaenda polepole.