Msiyafunike mawe ya jengo la chuo

Mhariri,

Mimi ni fundi uashi hapa Moshi, mwaka wa 31 sasa. Juzi nimepita kwenye jengo la zamani la chuo kimoja mjini, nikakuta mawe yanapigwa plasta ya saruji. Baadaye, nimeambiwa, yatafunikwa vioo na alumini. Iliniuma sana. Ukuta ule umejengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: maji ya masika huingia, jua likiwaka hutoka. Saruji huyafungia ndani. Kwenye kona walikoanzia mwaka jana niligusa plasta, ikabanduka kama ukoko wa ugali. Nyuma yake jiwe limelowa. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Wakuu wa chuo, simamisheni kazi. Mafundi wa chokaa wapo Zanzibar, waiteni.

Fundi uashi,
Pasua, Moshi