Barua kwa mwana wa dada yangu: ile dawa sitaituma

Mwanangu,

Jina lako silitaji, na niliomba ruhusa yako kabla ya kuandika. Ulinikubalia ukasema hosteli yenu ina wasichana wengine wanaokula hivyo hivyo, usiku, mlango umefungwa, mpaka tumbo linauma. Basi na wao wasome.

Uliniomba nikutumie kwa matatu ya Kisumu dawa ya kukata hamu ya kula. Sitaituma. Wala sitakuambia uache ulafi, kwa sababu ulafi siuoni. Ninachokiona nitakueleza kwa kuanzia na panya. Mvumilie mama yako mdogo. Ukikaa miaka nyuma ya kaunta ya kemisti hapa Nakuru unazoea kusoma mambo ambayo hakuna mteja anayekuuliza.

Kule Marekani, Mary Boggiano na wenzake waliwapunguzia panya wa maabara chakula kwa vipindi: siku kadhaa kidogo, kisha siku kadhaa cha kutosha, halafu wakarudia tena na tena. Mwisho wakawapiga shoti ndogo ya umeme miguuni na kuwawekea biskuti za chokoleti. Waliopunguziwa chakula tu hawakubugia, yaani hawakula kupita kiasi bila kujizuia. Waliopigwa shoti tu hawakubugia. Waliopitia yote mawili ndio waliokula kuwapita wenzao, tena wakiwa hawana njaa. Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: panya hao wakipewa chakula chao cha kawaida tu baada ya shoti, walikula kama wengine. Lakini wakionjeshwa kipande kidogo cha biskuti kwanza, walikivamia hata kile chakula cha kawaida.

Sasa jiangalie. Unashinda na chai ya rangi tangu asubuhi ili upungue. Jioni matokeo ya mtihani yanatoka mabaya. Unaonja andazi moja la pale Kondele, na baada ya hapo hata ugali uliolala hauponi. Kesho yake unajiadhibu kwa chai ya rangi tena. Unadhani kujinyima ndiyo dawa, kumbe ni nusu ya ugonjwa.

Italia, katika Chuo Kikuu cha Camerino, watafiti hawakutumia umeme. Waliwachukua panya majike waliokwisha kuzoezwa kula kidogo kwa vipindi, wakawawekea chombo chenye siagi tamu ya chokoleti mahali wanapokiona na kukinusa lakini hawakifikii, kwa dakika 15. Huo ndio mfadhaiko wote. Walipofunguliwa, walikula mno. (Kupita kibandani na mfuko mtupu wakati chapati zinageuzwa kwenye chuma ni jambo hilo hilo, ila wewe dakika zako huwa nyingi zaidi.) Hapo ndipo dawa zikajaribiwa. Midazolamu, ambayo hutuliza wasiwasi, iliwafanya panya wote wale zaidi. Fluoksetini, inayotumika kwa sonona, na sibutramini, iliyokuwa dawa ya kupunguza uzito, ziliwapunguzia wote chakula, wanaobugia na wasiobugia. Topiramati peke yake ndiyo iliyowagusa wale wanaobugia na kuwaacha wengine.

Ungependa kuniuliza mbona sasa sikutumii hiyo topiramati. Ni dawa ya kifafa na kipandauso. Inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na wengi huifahamu kwa kuwafanya watafute maneno wasiyapate, jambo ambalo mwanafunzi halihitaji. Daktari akiamua kuitumia atakuwa anakufuatilia. Mimi na matatu ya saa nne hatuwezi kukufuatilia.

Kuhusu sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mishtuko ya moyo na kiharusi. Haikutoweka. Wakaguzi wa dawa wa Marekani wamekuwa wakiikuta tena na tena imefichwa ndani ya vidonge na chai za kupunguza mwili zinazouzwa kama mitishamba. Kwa hiyo ile chai ya tumbo anayoiuza mwenzako kwa WhatsApp, yenye picha ya kiuno, imwage.

Dawa iliyoidhinishwa rasmi Marekani kwa watu wazima wanaobugia, na ya kwanza kupata idhini hiyo, ni lisdeksamfetamini, Januari 2015. Mwilini hugeuka kuwa deksamfetamini. Inapandisha mapigo ya moyo, inafukuza usingizi, na mtu anaweza kuizoea vibaya. Karatasi yake yenyewe inasema si ya kupunguza uzito.

Kuna lingine ambalo tumekuwa tukilizunguka nyumbani. Januari 2008 ulikuwa bado unanyonya, mkakimbia vurugu za baada ya uchaguzi hadi kambi ya uwanja wa maonyesho hapa Nakuru. Mama yako hakukuacha. Lakini alikuwa akiamka kupanga foleni ya maji, anarudi, anakushika kidogo, anaitwa kuandikisha majina, anarudi, anaondoka kutafuta habari za baba yako. Mtafiti Tallie Baram wa California alimpa mama panya vifaa haba vya kutengenezea kiota, kuanzia siku ya 2 hadi ya 9 ya watoto wake. Mama yule hakuwatelekeza. Aliwalea, ila kwa vipande vipande, akiingia na kutoka bila mpango, na hali hiyo ikabadilisha jinsi ubongo wa watoto unavyopokea misukosuko na starehe walipokua. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria dada yangu, ambaye hadi leo anajilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya. Kiota kilikuwa haba.

Usiifanye Januari ile iwe hukumu yako, lakini. Matokeo ya majaribio ya misukosuko ya utotoni hayalingani: yanategemea kama mnyama ni dume au jike, alitengwa na mama yake vipi, na alipewa chakula gani. Wapo waliopata misukosuko utotoni wasibugie kabisa. Na hali ya panya wa Boggiano ilitengenezwa ukubwani, kwa kunyimwa na kutishwa.

Nauli na pesa ya kumwona daktari wa akili nimekutumia kwa M-Pesa. Kwa tatizo hili wao huanza na mazungumzo ya tiba, dawa hufuata ikihitajika. Mwambie kila kitu: ile chai ya tumbo na umeinywa tangu lini, jinsi unavyojinyima, ugonjwa wa moyo wa babu yako, na kambi pia. Hadi siku hiyo, kula asubuhi, kula mchana, hata kama usiku uliotangulia ulibugia. Hasa kama ulibugia. Ukipangiwa tarehe niambie mapema, nitafute mtu wa kukaa dukani nije.

Mama mdogo