Dawa ya meno na saa wapi na wapi

Ndugu mhariri,

Salamu kwako na wenzako. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, gazeti nalisoma kuanzia mbele mpaka matangazo ya vifo na sio kawaida yangu kuandika barua, ila ile kona ya nyumbani ya Jumapili iliyopita imenigusa pabaya. Mwandishi kashauri mtu mwenye saa ya bei aisugue kwa dawa ya meno na limao alafu aisuuze kwa maji ya moto, eti itang'aa kama imetoka dukani. Siku hiyo itang'aa kweli, hajadanganya. Mi nilifanya hivohivo miaka mitatu nyuma na mpaka leo nikiitazama ile saa roho inaniuma, maana sikuinunua, niliachiwa na marehemu mjomba.

Mjomba aliishi Muscat miaka mingi, akarudi na Omega ya mkanda wa chuma, pingili za pembeni zimefifishwa kidogo kwa michirizi na zile za katikati zimepigwa polishi mpaka unaona sura yako. Alikuwa haivui. Sokoni anayo, msikitini anayo, mkewe akiumwa mjomba anakanda unga wa chapati na saa mkononi. Basi nilipoachiwa mimi nikaiweka kabatini, ikaja harusi ya Pangani nikaitoa nikaona imefubaa, nikaingia bafuni na mswaki na dawa ya meno nikasugua robo saa nzima, nikaisuuza kwa maji niliyokuwa nimechemsha ya chai. Limao lilikuwa limeisha, nadhani hiyo ndo ilikuwa bahati yangu pekee siku ile.

Ukumbini mtu kaniuliza saa ngapi, naangalia mkononi naona ukungu ndani ya kioo. Na nilipotoka nje juani kesho yake zile pingili za polishi zilikuwa na mistari myembamba imekwenda kila upande kama utando wa buibui. Ujinga juu ya ujinga nikakaa wiki mbili nasubiri ukungu uondoke wenyewe.

Fundi saa niliyempelekea ni mzee, haongei sana. Kaifungua, kaniambia njoo uangalie. Ile ringi ya mpira inayokaa kwenye mfuniko wa nyuma ilikuwa imekauka imebonyea kama lastiki ya zamani, na kile kijiti kinachoingia ndani kutoka kwenye kifundo cha kurekebishia majira kilishaanza kutu. Kumbe kifundo chenyewe sikukibonyeza mpaka mwisho wakati naosha. Akaniuliza maji yalikuwa ya moto? Nikamwambia ndio. Akatikisa kichwa akasema saa ikipata moto hewa ya ndani inatanuka inatafuta pa kutokea, ikipoa inavuta ya nje irudi, na kama mpira umechoka inaingia na unyevu wake, wala hauhitaji kuizamisha ndooni.

Nikajitetea, nikamwambia lakini mzee hii ni wotaprufu. Akacheka. Watu wengi tunasoma 30m pale nyuma tunadhani ni ruhusa ya kupiga mbizi mita 30, wakati ni presha iliyopimwa saa ikiwa mpya, kwa matumizi ni matone ya mvua na kunawa mikono basi, mtu wa kuogelea atafute kuanzia 100 na mpira uwe mzima. Saa nzuri haiogopi maji, hilo kweli, mwaka 1927 dada mmoja Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliingia kuogelea kati ya Uingereza na Ufaransa na Rolex Oyster imening'inia shingoni, akakaa kwenye yale maji ya baridi saa zaidi ya 10 na ile saa ikatoka inatembea. Ila ile ilikuwa mpya, na kifundo chake kinakazwa kama skrubu. Ya mjomba wangu haikufunguliwa sijui tangu lini.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni mkanda. Yule mzee alichomoa pini moja ya kuunganisha pingili akanipa ile lenzi yake ya jichoni nitazame. Pini katikati ilikuwa imelika, nyembamba kama mwiba wa dagaa, miisho miwili ndo minene. Nikadhani ni chuma kibaya, akaniambia hapana, ni uchafu. Jasho, chumvi yetu hii ya pwani, mafuta ya nazi, ngozi inayobanduka, vumbi, vyote vinaingia kwenye maungio vinachanganyika vinakuwa kama msasa na kila ukikunja mkono msasa unapita juu ya pini. Ndo maana mikanda ya saa za zamani unakuta imelegea inaning'inia kama mnyororo wa baiskeli, watu wanasema imetanuka, wapi, imeliwa kwa ndani! Kwa hiyo kung'arisha juu ndo kitu cha mwisho kabisa, cha kusafisha ni kule kusikoonekana, na kule dawa ya meno ndo inazidisha msasa.

Alinionyesha anavyoosha yeye na ndo navyofanya saivi. Kwanza hakikisha kifundo kimebonyezwa au kimekazwa. Kama unajua kuchomoa mkanda uchomoe uoshe peke yake, saa ibaki kavu uifute tu na kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Kama hujui usijaribu na kisu cha jikoni, utachora chuma na ile pini yenye springi itaruka uitafute chini ya kochi mpaka usiku, peleka kwa fundi. Maji ya uvuguvugu kama ya kumuogeshea mtoto, sabuni ya maji ya vyombo matone mawili, mkanda ukae humo kama dakika kumi alafu mswaki laini wa mtoto, unakunja pingili moja moja unapiga mswaki kwenye maungio na ndani ya kifungio, kule ndo kuna mambo. Mara ya kwanza naosha wa mjomba maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama nimeosha sufuria ya kuni, na ndani ya kifungio nikachokoa na kijiti cha meno kikatoka kitu cheupe kimegandamana kama gundi, nikakiangalia weee, unga wa chapati. Nilikaa nacho kidoleni muda kidogo kabla sijasuuza.

Ukishasuuza vizuri futa, weka mbele ya feni mpaka maungio yakauke ndo urudishe. Mkanda wa ngozi haya yote hayauhusu, huo ni kufuta tu. Na dawa za klorini za kung'arishia nguo nyeupe msiguse kabisa, zinatoboa chuma vitundu. Wenye saa za kupakwa dhahabu nao wakae mbali na dawa ya meno, ule mpako ni mwembamba mno, mkisugua mtakutana na shaba. Masonara wana ile mashine ya kutetemesha maji, inasafisha mkanda vizuri sana lakini mkanda mtupu, saa isiingie mule.

Nisimuonee mwandishi wenu, dawa ya meno ina kazi moja kwenye saa, zile za zamani zenye kioo cha plastiki kikichubuka kidogo mafundi wanakisugua nayo taratibu kinarudi. Labda huko ndo aliposikia akachanganya mambo.

Naomba mlirekebishe hili mapema, toleo lijalo likiwezekana. Shemeji yangu anayo saa kama ya mjomba, Jumapili ileile alipiga picha ukurasa wenu akanitumia wasapu kaandika kaka mwisho wa wiki hii naanza. Nimempigia nikamueleza yote haya, mpaka ya ukungu, akanijibu mbona gazetini wameandika. Nimebishana naye nimechoka, kasema akiona mmelitoa na hili ndo ataamini.

Msomaji wenu,
Tanga