Vita vya Marekani vilikuwa mapinduzi

Mhariri,

Msomaji mwenzangu ameandika katika gazeti lako kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) havikuwa mapinduzi, kwa kuwa serikali iliyoingia vitani ndiyo iliyoshinda. Naomba nafasi nimpinge, kwa heshima zote.

Sisi wa Unguja tumezoea kuyahesabu mapinduzi kwa usiku mmoja, ule wa kuamkia 12 Januari 1964. Mimi hutazama kwanza ni nini kilichopinduliwa.

Kusini mwa Marekani watu karibu milioni 4 walikuwa mali ya watu wengine, mali yenye thamani kupita reli na viwanda vyote vya nchi ile. Marekebisho ya 13 ya Katiba yakaifuta mali hiyo Desemba 1865. Ya 14, mwaka 1868, yakakataza madai yoyote ya fidia kwa waliopoteza watumwa. Uingereza, ilipokomesha utumwa katika makoloni yake, iliwatengea mabwana pauni milioni 20. Hata hapa kwetu, amri ya mwaka 1897 iliwapa fidia mabwana, na aliyetumikishwa hakupata kitu.

Wala uhuru ule haukushushwa na wakubwa tu. Wanajeshi weusi wapatao 180,000 walipigana upande wa Kaskazini, yaani wa serikali, wengi wao wametoka utumwani. Mei 1862 Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa akiendesha meli ya Planter kwa ajili ya waasi wa Kusini, aliitorosha usiku kutoka bandari ya Charleston, South Carolina. Ndani yake alimpakia mkewe na wanawe, akapita mbele ya mizinga na kuikabidhi kwa wanamaji wa Kaskazini. Baadaye aliinunua nyumba ya bwana wake mjini Beaufort, ambayo yeye alizaliwa kwenye kibanda cha uani, akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani.

Najua nitaambiwa: mbona kufikia 1877 mabwana walikuwa wamerudi madarakani? Walirudi, tena kwa bunduki. Huko Colfax, Louisiana, siku ya Pasaka ya 1873, waliua makumi ya watu weusi, wengine wakiwa wameshasalimu amri. Watu hawamwagi damu kiasi hicho kufuta jambo ambalo halikutokea. Mapinduzi yalikuwepo, nayo yakapinduliwa.

Kilichoyaponza ni ardhi. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alitenga mashamba ya pwani, kila familia ya waliokuwa watumwa ipate hadi eka 40. Mwaka ule ule Rais Andrew Johnson akaamuru yarudishwe kwa wenyewe wa zamani. Familia yetu ililelewa na eka tatu zilizogawiwa baada ya 1964, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Mtu huru asiye na shamba alibaki kulima pamba ya bwana wa jana na kugawana naye mavuno, huku deni likimzidi kila msimu. Kumtisha mtu wa namna hiyo siku ya kura hakukuwa kazi kubwa.

Mwaka 1895 South Carolina iliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya, shabaha ikiwa kuwanyang'anya weusi kura. Smalls, akiwa na miaka 56, alikuwa mmoja wa wajumbe weusi sita. Alisimama akaipinga. Ikapita, naye akarudi Beaufort, kwenye nyumba ile ile.

Msomaji wako,
Unguja